Kisu Kilikuwa cha Nini

Kahawa inayopikwa ili itafunwe hainukii kama kahawa ya kunywa. Ya kunywa kila mtu anaijua, hiyo ya kukaanga na kusaga. Mimi nasema ile ya kwetu Buhaya, matunda mabichi yanayotiwa chunguni pamoja na majani ya kunukia, yakatokota mchana kutwa, kisha yakaanikwa juani na kumaliziwa na moshi wa jikoni. Harufu yake ina uchungu ndani yake. Inashika nguo, inashika nywele za mama yako, na ukitoka shule na njaa unaisikia kabla hujaiona migomba ya kwenu. Mama yangu aliipika kila msimu wa mavuno. Kijijini kwetu Muleba, upande ule ambao ziwa unaliona kutwa lakini kulifikia ni mpaka ushuke mawe, hakuna mgeni aliyeulizwa neno kabla hajapewa kahawa. Unaingia, unakaa, unasogezewa kikapu kidogo, unachukua tunda moja au mawili, unatafuna. Ndipo unaulizwa ulikotoka na habari za huko. Asiyekupa kahawa amekufukuza bila kufungua mdomo. Na wewe ukipewa usiitafune, basi umekuja na jambo, na wenyeji wanajikalia vizuri kulisubiri.

Naanza na kahawa kwa sababu ndiyo iliyonitoa shule. Sikuiiba. Niliisoma kitabuni, nikaielewa, nikaandika nilichokielewa. Basi. Mimi niliishia darasa la nne, na silisemi hili kwa kujificha. Nyumba yangu ya Rwamishenye, hapa Bukoba mjini, ni ya matofali ya kuchoma, nimeijenga kwa jasho langu, na watoto wangu wote wamesoma kunipita. Lakini kila nikisikia wazee wenzangu wakiwaambia vijana kwamba enzi za Mwingereza shule ilikuwa shule na mwalimu alikuwa mwalimu, damu inanichemka. Walikuwepo walimu, ndiyo. Mmoja alikuwa wangu, na alikuwa hodari kuliko wengi wa leo. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mjinga akikudhulumu unamsamehe, unasema hakujua. Huyu alijua.

Jina lake Zakaria. Alikuwa Mhaya mwenzetu, wa kijiji cha jirani, aliyekwenda kusomea ualimu akarudi na baiskeli, kaptula yenye mkunjo wa pasi, na Kiswahili kilichonyooka ambacho sisi tuliokuwa tukiongea Kihaya nyumbani tulikisikiliza kama muziki. Shule ilikuwa ya misheni, kuta za udongo, bati juu, na mvua ikinyesha hakuna aliyesikia kitu, tulikaa tu tukitazamana. Ilikuwa miaka ile baada ya vita kubwa ya pili, kahawa ilipopanda bei na kila mzazi akaanza kuota mwanawe amekuwa karani. Jumapili Mwalimu Zakaria ndiye aliyesoma neno kanisani. Mtu wa kuheshimiwa, na alistahili. Kwenye insha hakuwa na mfano.

"Insha isiyojua inasema nini," alituambia, "ni sawa na mtu anayebisha hodi halafu anasahau alikuja kwa nani." Alitaka kila mmoja wetu, kabla hajaandika chochote kuhusu hadithi tuliyosoma, aandike sentensi moja. Moja, si mbili. Sentensi hiyo iseme hadithi inasema nini, na yote yanayofuata yaishikilie, kama miti tunayoegemeza chini ya mgomba uliobeba mkungu mzito usije ukaanguka. Na kila mti uutoe kitabuni. "Usiniletee ulichoota," alisema. "Niwekee kidole kwenye mstari." Siku moja kijana mmoja akasimama akasema, hadithi hii inasema sungura ni mjanja. Mwalimu akamtazama kwa huruma. "Kaa chini. Hata mbuzi wa kwenu anajua sungura ni mjanja. Niambie kitu ambacho mtu anaweza kukukatalia, halafu unishinde." Tulicheka, lakini mimi maneno yale yaliniingia. Kitu ambacho mtu anaweza kukukatalia. Mtoto wa mkulima kama mimi, ambaye mbele ya wakubwa kazi yake ilikuwa kupiga goti na kuitika "waitu", naambiwa na mtu mzima nimletee neno la kubishana naye. Niliipenda shule tangu siku hiyo. Nilikuwa nikienda kuchota maji nikipanga sentensi kichwani.

Mwaka ule ndio tulikuwa tunachaguliwa wa kwenda kufanya mtihani wa shule ya kati mjini Bukoba. Nafasi zilikuwa chache na mchaguzi alikuwa mwalimu. Pamoja na jina la kijana alipeleka insha moja aliyoiandika kijana mwenyewe, ili mkaguzi wa misheni aisome na kuona mtoto ana akili gani. Bila insha hiyo hupelekwi, na usipopelekwa unarudi kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yako. Kibanja chetu kilikuwa kimeshakatwa upande mmoja katika kesi ya mpaka ambayo baba alishindwa, na tulikuwa ndugu wengi. Mimi sikuwa na pa kurudi. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, na mama alikuwa ameshaanza kuwaambia wenzake kisimani kwamba mwanawe Byabato anakwenda Bukoba.

Hadithi ya kuandikia tulipewa kutoka kitabu cha kusomea. Ilikuwa fupi na naikumbuka hadi leo. Msafiri amenyeshewa na mvua anafika kwenye nyumba ya tajiri. Tajiri anamkaribisha, anatoa tunda moja la kahawa, anachukua kisu kidogo, tunda linapasuliwa. Punje moja anampa mgeni, nyingine anabaki nayo mwenyewe. Mgeni anaimeza. Asubuhi anaondoka. Mwaka unaofuata nyumba ya tajiri inashika moto, na yule msafiri anapita njiani. Tajiri anamwita, "Ndugu yangu, nisaidie." Msafiri anapita, hageuki. Hadithi imekwisha. Chini yake pameandikwa swali, hadithi hii inahusu nini.

Darasa zima liliona kitu kimoja. Tajiri alikuwa mchoyo, alimpa mgeni nusu ya tunda, na yeye akalipwa kwa uchoyo ule ule. Mkono mtupu haulambwi. Na mimi mwanzoni niliona hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimefundishwa kuweka kidole kwenye mstari, na kidole changu kikakwama kwenye kisu. Nilikaa barazani kwetu mchana, mvua inanyesha, kitabu magotini, najiuliza, kisu cha nini. Tunda la kahawa iliyokaushwa unalipasua kwa ukucha. Unalipasua kwa meno. Mtoto wa miaka mitatu analipasua. Nikaendelea, kidole kikakwama tena. Mgeni anaimeza. Nani anameza kahawa? Kahawa inatafunwa, unaizungusha mdomoni unatema makapi. Kisha lile neno, ndugu yangu. Tajiri anamwitaje ndugu mtu aliyeonana naye usiku mmoja tu?

Nikakifunga kitabu, kwa sababu nilijua. Kila mtoto wa Buhaya wa enzi zangu alijua, ingawa kanisani ilikuwa dhambi kuitaja. Ulikuwa omukago, undugu wa damu. Watu wawili wasiozaliwa pamoja wanajichanja karibu na kitovu, kila mmoja anaipaka damu yake kwenye punje ya kahawa, anampa mwenzake aimeze. Tunda moja lina punje mbili, zimelala pamoja kama mapacha tumboni. Mkishameza, nyinyi ni wa tumbo moja. Hamnyimani, hamfichani, hamkimbiani, na atakayevunja, damu aliyoimeza itamvimbia yeye na wanawe. Sisi watoto tulisimuliana hayo malishoni kwa kunong'ona. Nilikuwa nimewahi kuona kovu dogo karibu na kitovu cha baba alipokuwa anaoga, nikauliza, mama akanifinya sikio. Aliyeiandika hadithi ile kitabuni, sijui alikuwa mzungu au Mhaya aliyeogopa mzungu, aliifuta damu. Kisu akakisahau.

Basi nikaandika sentensi yangu. Hadithi hii si ya tajiri mchoyo, bali ya mgeni aliyemeza undugu kisha akaukana. Chini yake nikaweka kisu, nikaweka kumeza, nikaweka lile neno ndugu, kila kimoja na mstari wake. Nilisema pia kwamba tajiri hakutoa nusu ya kitu, alitoa kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo. Nimeuza na kununua vitu vingi maishani, nimejenga, nimezaa. Sijui kama nimewahi kufanya kitu kilichonyooka kama ukurasa ule.

Kesho yake Mwalimu alizisoma sentensi zetu mbele ya darasa, moja moja. Ya Josia, mtoto wa mzee wa kanisa, ilisema uchoyo huzaa uchoyo. "Vizuri," alisema Mwalimu, ingawa hiyo hata mbuzi alikuwa anaijua. Akachukua yangu. Aliisoma kwa sauti hadi kwenye neno undugu, sauti ikakatika. Akaendelea kusoma kimyakimya, ukurasa mzima, amesimama. Nilingoja kusifiwa. Nasema kweli, nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Baba yako amekuambia nini juu yangu?"

Sikumwelewa. Nikajibu lililo kweli. "Baba hajui kusoma, Mwalimu. Kitabu hiki hajakiona."

Darasa likaangua kicheko. Josia akasema kwa Kihaya kwamba mganga mpya amehamia shuleni, tumpelekee kuku. Mwalimu hakucheka. Aliniita mbele, akanichapa viganjani, na mwalimu yule hakuwa mtu wa fimbo. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba ushenzi hauna nafasi katika insha za shule ya Kikristo, na kwamba nisipoibadili sentensi ile kabla ya siku ya kupeleka majina, jina langu halitakwenda Bukoba.

Nilifika nyumbani viganja vimevimba. Mama alikuwa anamenya ndizi, baba anachonga mpini wa jembe. Niliwasimulia yote. Nilipofika kwenye "amekuambia nini juu yangu", baba akaacha kuchonga. Alikuwa mtu wa maneno machache, Ishengoma baba yangu, na uso wake haukuwa rahisi kuusoma. Akaweka panga chini. "Mwana wange," alisema, "kovu uliloniuliza ukiwa mdogo, mwenzake analo mwalimu wako."

Ndivyo nilivyojua. Kabla Zakaria hajabatizwa, kabla ya ualimu na baiskeli, yeye na baba walikuwa vijana waliovua pamoja kule ziwani, wakachanjana, wakamezeshana kahawa. Ile milamula, miti ya kuonyesha mpaka wa kibanja chetu, waliipanda wote wawili, Zakaria akishika kamba ya kupimia. Kwa hiyo jirani aliposogeza mpaka na kesi ikaenda baraza la gombolola, korti ya chifu mdogo, baba alimwita ndugu yake aje aseme alichokiona. Zakaria hakuja. Jirani alikuwa yule mzee wa kanisa, baba yake Josia, na watu wangeuliza mwalimu wa misheni alikuwa na uhusiano gani na Ishengoma hata washikiane kamba. Baba akapoteza ardhi, akanyamaza. Hakumwambia mtu. Mimi sikujua lolote. Niliandika kuhusu mgeni wa kitabuni, na mwalimu wangu akajiona yeye. Alidhani baba ameniandikisha barua.

Nikamwambia baba, basi nenda kwake, ndugu wa omukago hakataliwi, mwambie apeleke jina langu. Nilisema kwa jeuri, nakiri, lakini nani asingekuwa na jeuri. "Ndiyo maana siendi," alisema baba. "Nikimwomba kwa damu ile akakataa tena, itamrudia. Ana watoto wadogo."

Niliona ni wazimu. Mtu amekunyang'anya ardhi kwa kunyamaza, anataka kumnyang'anya na mwanao shule, na wewe unawahurumia watoto wake. Mama naye alichoka na sote wawili. "Nyinyi wanaume na damu zenu," alisema, maganda ya ndizi yakiruka. "Mwalimu anataka uchoyo? Mwandikie uchoyo, mwanangu, upite. Yeye mwenyewe anao wa kutosha, hatakosa kuutambua." Ingekuwa habari ya mtu mwingine ningecheka.

Mwalimu Zakaria alikuja nyumbani kwetu siku iliyofuata, alasiri, akisukuma baiskeli kwa sababu njia ilikuwa matope. Alisalimia, alikaa. Baba akasogeza kikapu cha kahawa kama kwa mgeni yeyote. Mwalimu akachukua tunda moja, akalishika mkononi. Hakulitia mdomoni. Mama akaona, akaenda jikoni, lakini mlango hakuufunga.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto," alisema Mwalimu. "Uliyomwambia kuhusu mambo ya zamani hayafai shuleni."

"Sikumwambia kitu," alisema baba. "Jana ndiyo nimemwambia, baada ya kuchapwa. Aliyoandika aliyaona kitabuni."

Mwalimu akanigeukia. Nikaona kwamba ameamini. Sijui ameamini kwa kuwa baba hakuwahi kusema uongo, au kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameurudia ukurasa wangu nyumbani kwake na kukiona kisu. Uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo, na hapo hapo ukakazika upya, maana kama baba hakunituma, basi fimbo zile zilikuwa za nini?

"Mwalimu," alisema baba taratibu. Alimwita Mwalimu, si ndugu. "Mimi sikusoma. Nieleze tu nami nielewe. Kile kisu kilikuwa cha nini?"

Nilisikia mama jikoni ameacha kukoroga.

"Cha kupasulia kahawa," alisema Mwalimu.

"Tangu lini?"

"Ishengoma, mimi nina watoto. Mkaguzi akiisoma hiyo ataniuliza shule yangu inafundisha nini. Ataniuliza nimejuaje."

"Sijauliza habari za mkaguzi. Nimeuliza kisu."

Akanigeukia mimi tena, na alichosema ndicho ambacho sijamsamehe. Fimbo nilimsamehe zamani. "Byabato," alisema kwa sauti yake nzuri ile ya darasani, "ni insha nzuri. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa katika shule hii. Badili sentensi moja tu. Nyingine zote ziache."

Sentensi moja tu. Mtu aliyenifundisha kwamba sentensi hiyo ndiyo insha, kwamba zote zilizobaki ni miti ya kuegemeza, ananiambia nikate mgomba niache miti imesimama. Alijua anachosema. Laiti angesema insha yangu mbaya, ningejifariji kwamba hakuelewa. Laiti angesema, mwanangu, ninaogopa, nisaidie. Ningeweza hata kumsaidia, ningeweza kuandika uchoyo kwa ajili ya watoto wake, kama baba. Yeye alitaka niandike uongo halafu nishukuru.

"Nikiibadili," nilimuuliza, "kisu nitakiweka wapi?"

Baba alinitazama. Hakunikemea, hakunisifu. Mwalimu akasimama, akaliweka lile tunda juu ya mkeka likiwa zima, akaaga. Baba alimsindikiza hadi barabarani, ndivyo mgeni anavyosindikizwa. Sikusikia walichosema, na baba hakunisimulia.

Siku ya mwisho alinipa karatasi mpya na kuniweka peke yangu kwenye dawati la mbele. Wenzangu walikuwa nje wanacheza mpira wa majani ya migomba. Sikulia wala sikutetemeka, msifikiri. Niliandika sentensi ile ile, kwa mwandiko mzuri zaidi, nikamrudishia. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. Nikamwambia, "Ndiyo, Mwalimu." Jina langu halikwenda. La Josia lilikwenda, akawa karani kwelikweli, na sina ugomvi naye, alikuwa mtoto kama mimi. Mama hakunisemesha kwa muda mrefu, na kisimani alibadili saa ya kwenda ili asikutane na wenzake. Hilo liliniuma kuliko mengine yote. Hata leo nikilikumbuka nakunja ngumi.

Nilishuka Kemondo nikiwa bado sijaota ndevu, nikabeba magunia ya kahawa kupakia melini. Mabega yalitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa ngozi ya kiatu. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini aliona najua kusoma alama za magunia, akaniweka ghalani kwake, na huko nilijifunza biashara. Mengine ni jasho, sina haja ya kuyapamba. Waliopitia shule ya kati walinidharau, baadaye wakaja kwangu kuomba kazi za watoto wao, nikawapa. Siwezi kusema nilikosa maisha. Lakini kuna kitu nilikuwa nacho kichwani siku ile barazani, mvua ikinyesha na kidole kwenye mstari, na hakuna aliyenipa nafasi ya kukitumia tena. Magunia hayaulizi unaonaje. Mtu anaweza kufanikiwa na bado akawa ameibiwa, na anayemwambia ashukuru kwa sababu ana nyumba, huyo naye ni mwizi mdogo.

Mwalimu Zakaria alipofariki, baba, mzee tayari na mgongo umepinda, alichukua jembe akaenda kuchimba kaburi, kwa sababu ndiyo kazi ya ndugu. Watu walishangaa, hawakujua. Mimi sikwenda. Walisema nina moyo mgumu. Waseme.

Sasa niwaambie kilichonifanya nishike kalamu. Mjukuu wangu Koku anasoma kidato cha nne hapa mjini, anakaa kwangu. Juzi nilimkuta mezani ana tamthilia wanayoisoma darasani, na kando yake kijitabu chembamba cha maswali na majibu, kinauzwa kila duka la vitabu. Alikuwa ananakili. Nikamuuliza anafanya nini, akasema anaandika insha ya fasihi. Nikamuuliza hoja yake ni ipi, maana siku hizi wanaiita hoja kuu, na mwalimu wao, nasikia, anawasisitiza waiweke mwanzoni kama alivyotusisitiza wetu. Akanionyesha kijitabu. "Imo humu, Babu. Sisi tunaijaza tu."

Nikapandisha mori. Nilimwambia maneno mengi, sitayarudia. Sisi tulichapwa ili tukubali sentensi ya mtu mwingine, na hawa wanainunua dukani wenyewe, bila hata kofi. Hakuna mkaguzi, hakuna mzungu, hakuna mtu anayemtisha mwalimu kwamba atafukuzwa, kila mmoja ana uhuru wa kuandika anachoona, na uhuru wenyewe umelala mezani kama chakula kilichopoa. Koku alisubiri nimalize. Ni mtoto mwenye adabu, lakini ana ulimi wa mama yangu.

"Babu, ukiniuliza mimi, naona kijitabu kimekosea," alisema. "Kinasema mwenye makosa katika tamthilia hii ni baba. Mimi naona ni mama. Ule mlango aliufunga kabla hajaambiwa. Alikuwa anajua wanakuja."

"Umeliona wapi?"

Akafunua tamthilia, akaweka kidole kwenye mstari. Sijui kama alinisikia nilivyovuta pumzi.

"Basi andika hivyo."

"Na msahihishaji akiwa na kijitabu?" aliuliza. "Nikifeli?"

Hapo ndipo hasira yangu yote ya miaka hii ilipofikishwa mlangoni, na haikuwa na neno la kusema. Ningeweza kumwambia kwamba ukweli hushinda. Haukushinda kwangu. Ningeweza kumwambia aandike ya kijitabu apite, kama alivyosema mama, na mama alikuwa mwanamke mwenye akili. Nikamwambia lililopo. "Unaweza kufeli. Mimi nilifeli."

"Ukajuta?"

"Nilikasirika. Kujuta sijui."

Akakisukuma kijitabu pembeni, hakukifunga, akachukua karatasi safi. Akaandika maneno machache, akayakata. Akaandika tena, akasimama kwenye neno mama, kalamu hewani. Niliiona sentensi yake ilipokuwa inataka kwenda. Niliiona wazi, mlango ulipaswa kuingia hapo hapo mwanzoni, neno moja tu, na lilikuwa limenifika kwenye ncha ya ulimi. Nikainuka, nikachukua fimbo yangu ya kutembelea, nikatoka nje nisije nikalisema.